Kila Chembe Ina Mwenyewe

Mama yangu alikuwa na tarehe tatu za kuzaliwa na majina manne. Kati ya tarehe hizo hakuna hata moja aliyoiamini mwenyewe. Alichokijua ni kwamba vita ya Wazungu ilipokwisha, ile ya 1945, alikuwa ameshapokea Komunyo ya Kwanza. Sisi watoto tukahesabu kutokea hapo, tukakubaliana: 1936, pungufu au zaidi kidogo. Amefariki Februari 2025 hapa Lexington, Kentucky, siku ya theluji, rozari mkononi na soksi mbili mbili miguuni, maana baridi ya huku hakuwahi kuizoea.

Tangu matanga yaishe, wananipigia simu watu wenye wazee nyumbani. Wengine wako Dallas, wengine Phoenix, mmoja yuko Norway. Swali lao ni lile lile: mlifanyaje mpaka mama yenu akaishi huku miaka tisa na ushee, kachangamka vile, wakati wazee wetu wakikaa mwaka mmoja tu wanaanza kutazama ukuta? Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, ndiyo maana naandika. Nianze kwa kukiri kwamba yeye pia alitazama ukuta, na aliyemweka mbele ya huo ukuta ni mimi.

Kwa wasiotujua: sisi ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, watu wa kando ya Ziwa Tanganyika. Mama alilivuka ziwa hilo mara mbili akikimbia. Mara ya kwanza ilikuwa vita ya Mulele, ule uasi dhidi ya serikali, mwaka 1964 kuelekea 1965, akarudi mambo yalipotulia. Mara ya pili ni 1996, na safari hiyo hakurudi. Tulikaa kambi ya Lugufu mkoani Kigoma hadi ilipofungwa 2009, tukahamishiwa Nyarugusu, na Novemba 2015 tukapanda ndege kuja Marekani. Ndiyo maana Kiswahili changu kimekuwa cha Kitanzania. Cha Mama hakikuhama Fizi hata siku moja.

Tulipofika nilimwambia, Mama, sasa pumzika. Umelima, umebeba kuni, umepanga foleni ya mgao miaka kumi na tisa, umezika mume na watoto wawili. Pumzika. Nikamnunulia kiti cha kuegemea na televisheni kubwa kuliko dirisha. Mimi na mume wangu tulikuwa tukitoka saa kumi na moja alfajiri, yeye kiwandani, mimi hotelini kufua mashuka. Watoto wakaenda shule. Mama akabaki na televisheni inayosema lugha asiyoijua, katika nyumba ambayo hata jiko aliliogopa, kwa kuwa wiki ya pili alikaanga ndagala, dagaa wa kwetu, king'ora cha moshi kikalia na wazima moto wakaja na kofia zao. Hakugusa tena jiko miezi sita.

Akaacha kula, kisha akaacha kuongea. Jumapili alikwenda Misa ya Kiingereza, akakaa nyuma, akasimama watu waliposimama. Tulimpeleka kwa daktari, akaandikiwa dawa za sonona, nazo zilimsaidia kupata usingizi. Sizibezi dawa, na mwenye mzazi wa namna hiyo asikae nyumbani akisema ni mapepo.

Kilichomwinua kitini ni shida ya mtu mwingine. Januari 2017 serikali ya hapa ilisimamisha kupokea wakimbizi kwa siku 120. Mama mmoja tuliyekuwa naye Nyarugusu alikuwa anamngoja mwanawe, tiketi zimeshatoka, watoto wameshaagana na majirani kambini, ghafla wakaambiwa rudini. Yule mama akaja kwetu Jumamosi, akakaa chini kwenye zulia akalia. Akamwambia Mama, "Niombee mwanangu."

Mama akamuuliza jina la huyo kijana. Akauliza na la ubatizo, la mama mkwe wake, na la kila mtoto. Halafu akasimama, akaenda kunawa uso. Kesho yake saa kumi alfajiri nilisikia sauti sebuleni, nikadhani watoto wamewasha simu. Ni yeye, ameketi kando ya kile kiti, si juu yake, anasali.

Miezi ile ndipo nilipogundua jambo ambalo nimeishi nalo miaka arobaini bila kulijua. Nilikuwa napika, nikamwita anionjee chumvi. Hakuitika. Nikaenda kumgusa bega. Akainua kidole: "Ngoja kwanza. Niko kwa shemeji yako."

Nikamuuliza, shemeji yupi, tuko wawili tu humu ndani. Akanionyesha chembe aliyoishika. Rozari, kwa wasio Wakatoliki, ina chembe 59: 53 za Salamu Maria (tatu za mwanzo, kisha mafungu matano ya kumi kumi) na 6 za Baba Yetu. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Zile chembe zilikuwa daftari lake. Kila chembe ndogo ilikuwa na mwenyewe, mtu aliye hai, na zile sita za Baba Yetu zilikuwa za marehemu. Alinipitisha baadhi yake jioni ile na chumvi ikasahaulika. Mkunga wa Lugufu aliyempokea kifungua mimba wangu. Mwanamke wa kijiji cha jirani na kambi, Mha, aliyekuwa akituachia tuchote maji kwake bila kutuuliza sisi ni nani. Mwenye mtumbwi aliyetuvusha 1996 akachukua kitenge chake kizuri kuwa nauli. ("Alinidhulumu, lakini alitufikisha.") Mjukuu mwenye pumu. Mimi nilikuwa chembe ya kwanza ya fungu la tatu, na sikuambiwa kwa nini.

Mtu wa namna hii mimi nilimwambia apumzike. Nilimwachisha kazi. Nilidhani kazi yake ilikuwa jembe na kuni, kumbe hizo zilikuwa za kujipatia ugali. Kazi yake hasa ilikuwa ile ya alfajiri, na nilikuwa nimeikata mizizi kwa kumtoa mahali ambapo watu walimletea majina.

Basi ushauri wangu, wewe uliye na mzee mcha Mungu huku ugenini, ni huo tu, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake: usimstaafishe. Awe Mkatoliki, Mmetodisti au Mwislamu wa tasbihi, sala kwake ni kazi, na kazi ina vifaa. Inataka majina, inataka habari, inataka saa, inataka mtu wa kumpeleka na mtu wa kumrudisha. Sisi tunawanunulia wazee viti.

Cha kwanza tulichofanya ni simu. Si ya kuchezea, ya kazi. Mwanangu wa kiume alimwekea picha ya uso kwa kila namba, kwa kuwa hakusoma majina, akamfundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti WhatsApp na kuachia. Siku tatu akawa ameshika. Majina yakaanza kuingia kutoka Nyarugusu, Baraka (mji wa kwetu Fizi), Bujumbura, Dallas. Huyu ana mahojiano, yule kachomwa moto, mwingine mke kamkimbia. Naye aliwarudia baada ya wiki kuuliza: yule mtoto joto limeshuka? Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, tunasema "nitakuombea" na shida ya mwenzetu tunaisahau kabla ya kufika mlangoni. Mama alifuatilia kama mtu wa benki.

Nionye jambo moja hapa. Mzee mwenye simu na imani atatafutwa na manabii wa simu. Mama alipigiwa na mmoja aliyejua mpaka jina la marehemu baba, akaambiwa roho ya mumewe imefungwa na inafunguliwa kwa dola 300. Alituma. Nilipogundua nilitaka kumnyang'anya simu, na ingekuwa kosa jingine la kiti. Tulichofanya ni kukubaliana naye kwamba pesa zote za sadaka zinapitia kwa mjukuu mmoja, binti yangu mkubwa, na yeye ndiye "mwekahazina". Wazee wa parokia wanaelewa habari ya mwekahazina. Hakuona aibu, na yule nabii alipopiga tena alielekezwa kwa mwekahazina, ambaye alimjibu kwa Kiingereza.

Halafu kuna saa. Nunua saa mbili za ukutani, za bei ndogo kabisa. Moja iweke saa za hapa, nyingine saa za kwao. Wakati wa baridi Baraka inatutangulia saa saba, kwa hiyo Mama akiamka saa kumi alfajiri, kule ni saa tano asubuhi na watu wako shambani au sokoni. Aliwaombea wakiwa kazini. Machi, huku wanaposogeza saa mbele, tofauti inakuwa sita, na kila mwaka alilalamika. Serikali inaibaje saa nzima na hakuna anayeandamana? "Ile ya Baraka usiiguse," aliniambia. Sikuigusa mpaka leo.

Saa zilitusaidia na kwa dawa, lakini baada ya kutuumiza. Mama alikuwa na shinikizo la damu, kidonge asubuhi na jioni. Kichupa kiliandikwa 8 na 8. Binti yangu mdogo, Kiswahili chake kimelelewa Kentucky, alisoma akasema, Koko (ndivyo wajukuu walivyomwita), ni saa nane. Mama akaelewa saa nane ya Kiswahili, akawa anameza mchana. Ya pili ingekuwa saa nane usiku, nani ataamka? Kwa hiyo Mama alimeza nusu ya dozi karibu wiki tatu hadi akaanguka bafuni. Kama nyumbani kwenu kuna watoto wanaohesabu saa za Kizungu na wazee wanaohesabu za Kiswahili, kaa nao leo hii mkubaliane. Sisi tuliacha namba kabisa. Nilimuuliza daktari kama vidonge vinaweza kwenda saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, akasema hakuna neno. Hizo ni saa za Malaika wa Bwana, sala ambayo Mama hakuikosa tangu utoto. Akimaliza "Neno wa Mungu akatwaa mwili", anameza. Hakukosea tena hata siku moja, mpaka akili ilipoanza kumtoka, na hata hapo mwili ulikumbuka.

Kufunga je? Kwaresima ilikuwa vita. Sheria ya Kanisa ya kufunga chakula inawabana walio kati ya miaka 18 na 59, yeye alikuwa ameshavuka 80 na bado anakunywa maji tu mpaka jioni siku za Ijumaa. Mimi nikigombana naye, alinitazama kama katekumeni. Mtoto huwezi kumfundisha mama yako dini. Mtafute mwenye mamlaka. Padri alikuja, akamweleza kwa upole habari ya miaka 59. Mama akamsikiliza, akasema, "Padri, karatasi zangu zina miaka mitatu tofauti. Nani alikuambia nimefika huko?" Padri akacheka hadi akavua miwani. Mwishowe walielewana: asifunge chakula, afunge televisheni. Nadhani alishinda yeye, maana televisheni hakuwa anaitazama.

Nimetaja karatasi. Hapa nikae kidogo, kwa sababu nimeona wazee wakikatiwa posho kwa ajili ya karatasi.

Mama alibatizwa na jina la mtakatifu. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, mapadri wakatishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina la kigeni, na kitambulisho cha Mama kikatoka na majina ya mababu peke yake. Hilo lilimuuma kuliko njaa. Lugufu, karani aliandika jina kwa alivyolisikia. Nyarugusu, mwingine akaligeuza la mwisho likawa la kwanza. Kuhusu tarehe, akapewa Januari 1, kama nusu ya ukoo wetu. Tukienda kliniki kila mwaka mpya wauguzi wanashangaa familia nzima ina sikukuu siku moja.

Mnapofika, angalieni jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kuingilia nchini, ile I-94, na mlitumie hilo hilo kila mahali hata kama limekosewa: shule, hospitali, benki. Kulisahihisha vipande vipande kunazaa watu wawili katika kompyuta za serikali. Subirini uraia. Mkimbizi anaomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano ya kuingia, na fomu ya uraia ina nafasi ya kuomba kubadili jina, ukiapishwa mbele ya hakimu. Msichelewe. Pesa za wazee, SSI, mkimbizi asiye raia hupewa kwa miaka saba tu. Nawajua wazee waliofika mwaka wa saba wakakuta akaunti haina kitu, watoto wao hawakuwa na habari.

"Lakini mama yangu hawezi mtihani wa Kiingereza." Hata wangu. Misamaha ya umri ipo, ila inamtaka mtu awe ameishi na kadi ya kijani miaka 15 au 20, na aliyekuja na miaka 79 ataipata wapi? Kuna fomu N-648 ambayo daktari huijaza kueleza kwamba mzee ana ugonjwa unaomzuia kujifunza. Ya kwanza ya Mama ilikataliwa. Daktari alikuwa ameandika kwamba ni mzee sana na hakusoma shule, na hizo si sababu zinazokubalika. Daktari wa pili aliandika ugonjwa wa kumbukumbu, vipimo alivyofanya, na jinsi ugonjwa huo unavyomzuia mtu kushika lugha mpya. Ikapita. Msiende kwa mtu wa mtaani anayejaza fomu jikoni kwake kwa dola mia mbili. Tafuteni mashirika ya msaada wa sheria, na muulize upya kila mwaka, sheria hizi hazitulii.

Mama aliapa 2021. Alinyanyua mkono wa kulia kama walivyoambiwa, rozari ikiwa imezungushwa kifundoni. Cheti kilipotoka kilikuwa na jina lake la ubatizo, miaka 49 tangu linyang'anywe. Alimwambia mjukuu amsomee mara tatu. Kuhusu Marekani sikumbuki kama alisema chochote siku ile.

Hospitali nitapita haraka. Msiwatumie watoto kuwa wakalimani. Binti yangu akiwa na miaka kumi na mbili alilazimika kumwambia bibi yake habari ya uvimbe, na alichofanya ni kudanganya: alisema "wanasema uko salama". Mtoto gani angeweza? Hospitali nyingi huku zinatakiwa kukupa mkalimani bure, dai. Ila jueni kwamba mkalimani wa simu anaweza kuwa Mkenya au Mtanzania. Mmoja alianza kwa heshima zote, "Bibi, unaumwa wapi?" Kwetu bibi ni mke. Mama akakunja uso: "Mimi siko bibi ya mutu. Bwana yangu alikufaka." Miaka kumi na tisa Tanzania alilisikia neno hilo kila siku, na nina hakika alielewa vizuri sana. Alikuwa anamtania yule kijana. Wajukuu walimwita Koko.

Wajukuu wenyewe: msifanye sala kuwa adhabu. Mwanangu akiwa na miaka kumi na mitano alianza kucheka wakati wa rozari, nikamfokea, akahama sebule. Mama hakumfuata. Alimwita siku nyingine akamwambia anahitaji fundi wa simu, betri inaisha upesi. Akawa fundi. Fundi inambidi akae karibu. Akikaa karibu anasikia majina, na akisikia majina anauliza, "Huyu ni nani?" Kijana huyo leo anajua koo za Fizi kuliko mimi, na Kiswahili chake ni cha Mama kabisa, na "njo" zake zote, yaani "ndio" ya kwetu. Yeye ndiye aliyepata wazo la kumrekodi.

Agosti 18, 2024 tuliamka usiku. Kule Uvira walikuwa wanatangazwa wenye heri mapadri watatu na bruda mmoja waliouawa na waasi wa ile vita ya Mulele Novemba 28, 1964, wawili Baraka na wawili Fizi, siku moja: Luigi Carrara, Vittorio Faccin, Giovanni Didonè na Albert Joubert. Tuliangalia kwenye simu, picha inakwama, inaendelea, inakwama. Padri Didonè alikuwa parokia ya Fizi, parokia ya Mama, na tangu 1964 alikuwa na chembe yake, moja ya zile sita kubwa. Kardinali alipomaliza kusoma, Mama akaishika ile chembe akaitazama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Huyu sasa simuombei tena. Sasa yeye njo ataniombea." Aliye mbinguni haombewi, hiyo ni katekisimu. Lakini alibaki na chembe tupu, na hilo lilimsumbua siku mbili. Siku ya tatu aliniambia amempa aliyemuua.

Nilikasirika. Watu wale ndio walioleta vita iliyomkimbiza Mama ng'ambo ya ziwa mara ya kwanza. Akaniambia huyo mtu naye atakuwa amekufa, na labda hana wa kumtajia jina. Jina lenyewe hakulijua. Alisema tu "yule".

Tulikuwa na jirani wa chini pia, mzee wa hapa hapa, aliyeandika barua kwa mwenye nyumba mara nne kuhusu harufu ya ndagala zetu. Naye alikuwa na chembe. Sitawadanganya kwamba alibadilika. Siku ya matanga alipanda ngazi, nikadhani kaja kutoa pole, kumbe gari la wageni lilikuwa limeziba lake.

Miezi ya mwisho lugha zilimtoka moja moja. Kiingereza hakikuwepo, kwa hiyo hakikuondoka. Kiswahili kikaondoka karibu chote, kikabaki Kibembe, ambacho mimi nakisikia nusu nusu na watoto hawakijui kabisa. Hapa najilaumu: kama mzazi wako ana lugha chini ya Kiswahili, tafuta mapema mtu anayeijua aliye karibu nawe, kabla siku hiyo haijafika. Sisi tulimpata mzee mmoja umbali wa saa moja na nusu kwa gari, akaja Jumatano mbili. Aliniambia Mama anauliza kama ng'ambo kumetulia. Baadaye hata Kibembe kikafifia, na usiku mmoja nikamsikia anasali kitu nisichokielewa. Ilikuwa Kilatini, *Ave Maria, gratia plena*, kama alivyokaririshwa na katekista enzi za Mapadri Weupe, kabla Misa haijageuzwa. Miaka yangu yote sikuwahi kumsikia akiisema.

Kuhusu mazishi nilikataa kuzungumza naye mpaka aliponilazimisha. Nilidhani atataka arudishwe Baraka, na nilikuwa najua bei. Alisema, "Munizike mahali mutafika bila ndege." Muulizeni mzee wenu mapema, na mchange kidogo kidogo kila mwezi. Msingoje kupitisha kofia mwili ukiwa umelazwa.

Rozari tulimzika nayo. Kaka yangu alitaka ibaki, tukabishana kidogo, lakini asingeweza kwenda mikono mitupu. Daftari likaenda naye.

Kilichobaki ni rekodi ya fundi wa simu. Mama anapita chembe moja moja akitaja mwenyewe wa kila moja, hadi mwisho wa fungu la tatu. Majina 33. Kisha inasikika sauti yangu ikiwaita kula, na rekodi inakatika. Tangu Machi nimekuwa nikipiga simu, kwa shangazi, kwa yule mkunga ambaye sasa yuko Uvinza, kwa mama wa yule kijana wa tiketi, ambaye alifika hatimaye na anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Nimefikisha 41. Nimeyaandika kwenye karatasi yenye mistari 53, nimeibandika chini ya saa ya Baraka.

Wiki iliyopita iliingia sauti kutoka Nyarugusu, namba isiyo na picha. Mwanamke, sikumtambua. Alisema Mama yetu alimwambia zamani kwamba ana chembe yake, hakumwambia ni ipi, na sasa anataka kujua nani anaishika. Nikasikiliza mara mbili. Nikamjibu: fungu la nne, chembe ya saba. Halafu nikamuuliza jina lake, na la ubatizo, na la mama yake, nikapanda kwenye kiti nikaliandika kwenye mstari huo. Zimebaki kumi na moja.